Said Salim Bakhresa

Said Salim Awadh Bakhresa (alizaliwa Zanzibar mwaka 1949) ni mfanyabiashara wa Tanzania. Ni mwanzilishi na mwenyekiti wa kundi la makampuni la Bakhresa Group, ambalo huuza bidhaa zake nyingi kwa jina la Azam. Anajulikana hasa kwa unga wa ngano, aiskrimu, juisi, soda na maji ya kunywa. Kundi hilo linamiliki pia boti za abiria, kituo cha televisheni na klabu ya mpira wa miguu ya Azam FC.

Bakhresa aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kuanza kuuza chakula kilichopikwa. Baadaye aliendesha mgahawa, kisha akaingia katika usagaji wa nafaka. Katika hatua zote hizo alibaki katika biashara ya aina moja: kuuza vitu vya bei ndogo, vinavyoliwa na kwisha siku hiyohiyo, kwa watu wengi wenye kipato kidogo. Kwa sababu hiyo historia yake hutumiwa mara nyingi kueleza jinsi biashara ya bidhaa za matumizi ya kila siku ilivyokua nchini Tanzania baada ya kulegezwa kwa uchumi uliosimamiwa na dola.

## Maisha ya awali

Bakhresa alizaliwa na kukulia Zanzibar. Alifikia umri wa miaka 14 mwaka 1963, mwaka ambao Zanzibar ilipata uhuru kutoka Uingereza mwezi Desemba. Mapinduzi yalifuata tarehe 12 Januari 1964, na mwezi Aprili mwaka huo Zanzibar iliungana na Tanganyika. Katika kipindi hicho mfumo wa biashara visiwani ulibadilika sana, na baadhi ya familia za wafanyabiashara zilivuka bahari kwenda Dar es Salaam.

Kazi yake ya kwanza inayotajwa ni kuuza mchanganyiko wa viazi, chakula ambacho Zanzibar huitwa urojo au miksi. Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano unaotengenezwa kwa unga na kutiwa ukali wa embe bichi, ndimu au ukwaju. Ndani yake huwekwa viazi vya kuchemsha, bajia, kachori na vikolezo. Huuzwa kwa bakuli, jioni, kando ya barabara. Muuzaji wake hahitaji mtaji mkubwa, lakini anahitaji kujua mambo matatu: wapi watu hupita, saa ngapi huwa na njaa, na wana fedha kiasi gani mfukoni. Chakula kisichouzwa siku hiyo ni hasara, kwa kuwa hakiwezi kuwekwa hadi kesho.

Inaelezwa pia kwamba aliwahi kufanya kazi ya ushonaji viatu kabla ya kuingia kikamilifu katika biashara ya chakula. Katika miaka ya 1970 alikuwa akiendesha mgahawa Dar es Salaam. Mwaka 1975 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa kampuni yake.

## Biashara ya chakula kabla ya mageuzi

Ili kuelewa jinsi mwenye mgahawa alivyoweza kuwa mmiliki wa viwanda, ni lazima kuangalia hali ya biashara ya chakula nchini wakati huo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa kifupi chake NMC, lilikabidhiwa kazi ya kusaga na kuuza unga. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, shirika hilo liliongezewa pia mzigo wa kununua mazao kwa wakulima. Bidhaa nyingine za dukani, kama sabuni, sukari, vitambaa na mafuta ya kupikia, zilipitia katika kampuni za biashara za mikoa, maarufu kama RTC, na katika maduka ya ushirika ya vijiji na mitaa.

Mfumo huo ulikusudiwa kumlinda mlaji dhidi ya walanguzi na kuhakikisha bei moja nchi nzima. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi ulikumbwa na matatizo mengi kwa pamoja. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi. Fedha za kigeni zikawa adimu. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na bidhaa zikakosekana madukani. Wakazi wa Dar es Salaam walipanga foleni kwa ajili ya unga, sukari na sabuni. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha kampeni kali dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, na wafanyabiashara wengi walikamatwa.

Kampeni hiyo haikuondoa uhaba. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Rais Ali Hassan Mwinyi alishika madaraka mwezi Novemba 1985, na mwaka 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua kwa watu binafsi, na katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yaliuzwa, yakiwemo mali na vinu vya NMC.

Bakhresa aliingia katika usagaji wa nafaka katika kipindi hiki cha mpito. Watu waliokuwa tayari na uzoefu wa chakula, wateja wanaowafahamu na fedha kidogo za kuanzia walipata nafasi ambayo haikuwepo miaka kumi kabla. Wengi walianza, ila wachache waliweza kudumu.

## Unga wa ngano

Bidhaa iliyomjenga Bakhresa ni unga wa ngano. Uchaguzi huu una sababu zake katika maisha ya mjini. Chakula kikuu cha Watanzania wengi ni ugali wa mahindi, lakini mkazi wa mjini anayetoka nyumbani alfajiri hutegemea kifungua kinywa cha haraka: chai na chapati, maandazi, mkate au sambusa. Vyote hivyo hutokana na ngano. Kadiri mji ulivyokua, ndivyo mahitaji ya ngano yalivyoongezeka.

Ukuaji huo unaonekana katika sensa. Mwaka 1988 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 1,360,850. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walifikia 5,383,728. Sehemu kubwa ya watu hao waliishi katika vitongoji vilivyopanuka kwenda nje ya mji: Mbagala, Tandika na Chamazi upande wa Temeke, Manzese, Tandale, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni ya zamani, Vingunguti, Gongo la Mboto na Ukonga upande wa Ilala.

Unga wa Azam hufungashwa katika ujazo tofauti kwa wateja tofauti. Mifuko mikubwa, kama ya kilo 50 na kilo 25, hununuliwa na waoka mikate, wenye maduka ya jumla na wapishi wa biashara. Vifurushi vidogo vya kilo 1 na kilo 2 hununuliwa na familia. Upo unga uliotengenezwa kwa ajili ya mikate na ule wa mapishi ya nyumbani, kwa kuwa chapati na mkate havihitaji ngano yenye nguvu ileile. Kundi hilo husaga pia mahindi na kuuza sembe.

Mteja muhimu katika mlolongo huu ni mama lishe, yaani mwanamke anayepika na kuuza chakula mtaani. Kilo moja ya unga hutoa chapati 10 hadi 15 kulingana na ukubwa wake. Mama lishe anayenunua mfuko mzima anajua ni siku ngapi utadumu na atabakiwa na nini baada ya kutoa gharama za mkaa na mafuta. Kwake ubora wa unga hupimwa kwa mambo ya vitendo: kama unavuta maji vizuri, kama donge halikatiki linaposukumwa, na kama mfuko wa wiki hii ni sawa na wa wiki iliyopita. Unga ukibadilika, chapati huharibika na wateja huhamia kwa jirani. Uaminifu wa wateja wa namna hii hauletwi na matangazo peke yake.

## Aiskrimu, vinywaji na maji

Baada ya unga, kundi la Bakhresa lilipanuka kwenda katika bidhaa nyingine za bei ndogo. Aiskrimu za Azam zilifahamika kwanza kupitia wauzaji wanaozunguka mitaani na baiskeli au vitoroli vyenye sanduku la ubaridi. Mlio wa muziki unaotoka kwenye chombo cha muuzaji huwaita watoto kutoka majumbani. Kabla ya hapo, aiskrimu ya kiwandani ilikuwa kitu cha hoteli na maduka ya katikati ya mji. Njia hii iliifikisha katika mitaa ambayo haina maduka makubwa wala, wakati mwingine, barabara ya gari.

Kwa upande wa vinywaji, kundi hilo huuza juisi za matunda kama embe na ukwaju, soda zikiwemo Azam Cola, vinywaji vya kimea, na maji ya kunywa ya Uhai. Vinywaji hivi vilikuja katika soko ambalo lilikuwa na washindani wa muda mrefu: kampuni zinazotengeneza Coca-Cola na Pepsi nchini, pamoja na maji ya Kilimanjaro yanayotengenezwa na Bonite Bottlers ya Moshi. Makampuni mengine ya Kitanzania, kama MeTL ya familia ya Dewji, nayo yaliingia katika soko hilohilo.

Mabadiliko ya chombo yalisaidia bidhaa mpya. Kwa miaka mingi soda iliuzwa katika chupa ya kioo, na mnunuzi alitakiwa ainywe palepale dukani au aache chupa tupu au fedha ya dhamana. Chupa ya plastiki iliondoa sharti hilo. Abiria wa daladala, mwanafunzi au fundi ujenzi aliweza kununua kinywaji na kuondoka nacho. Mwenye duka naye hakulazimika kuweka mtaji wake katika kreti za chupa tupu. Upande wa pili wa mabadiliko hayo ni taka za plastiki katika mifereji ya mji, ingawa ukusanyaji wa chupa zilizotumika umekuwa kazi ya kuwapatia riziki watu wengi.

## Jinsi bidhaa zinavyomfikia mnunuzi

Bidhaa kama unga, sabuni, maji na soda huitwa bidhaa za matumizi ya kila siku, au bidhaa zinazotoka haraka. Faida ya kila moja ni ndogo sana. Muuzaji hupata kipato kwa kuuza nyingi na kwa kuzungusha fedha upesi.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Mwenye duka akipata faida ya shilingi 50 kwa chupa moja ya maji na kuuza chupa 10 kwa siku, anapata shilingi 500. Akiuza chupa 100 anapata shilingi 5,000, ingawa bei haikupanda. Lakini ili auze chupa 100, ni lazima ziwepo dukani saa zote. Maji yakiisha saa nane mchana wakati wa joto, mnunuzi hachelewi; huchukua ya kampuni nyingine. Kwa hiyo kazi kubwa ya kitengo cha mauzo katika kampuni ya aina hii ni kuhakikisha bidhaa haikosekani.

Mlolongo wa kawaida Dar es Salaam una hatua hizi:

- Kiwanda huuza kwa wasambazaji na mawakala kwa malori.
- Msambazaji au wakala huwa na ghala na eneo lake la kuhudumia, na huuza kwa maduka ya jumla.
- Duka la jumla, kama yale ya Kariakoo, Tandika au Mbagala Rangi Tatu, huuza kwa katoni, mifuko na mabunda.
- Duka la rejareja la mtaani, ambalo wakazi wengi huliita duka la Mangi, huuza kwa kipande kimoja au kwa kupima, hata robo kilo.
- Muuzaji anayetembea, mwenye baiskeli, toroli au ndoo kichwani, humfuata mnunuzi kwenye foleni ya magari, kituo cha daladala au lango la shule.

Usafiri wa hatua za mwisho hufanywa kwa magari madogo ya mizigo, maguta ya magurudumu matatu, pikipiki na mikokoteni, kwa sababu mitaa mingi ya vitongojini haipitiki kwa lori. Ofisa mauzo wa kampuni hutembelea maduka, huandika kinachohitajika, hukagua tarehe za mwisho wa matumizi na huangalia washindani wameweka nini. Makampuni ya vinywaji huwapa wenye maduka majokofu kwa masharti kwamba yawekewe bidhaa zao.

Mfumo huu hutoa riziki kwa watu wengi ambao hawamo katika orodha ya wafanyakazi wa kampuni yoyote. Hutoa pia funzo kwamba kiwanda peke yake hakitoshi. NMC ilikuwa na vinu, lakini haikuwa na uhuru wa kupanga bei, fedha za kununua vipuri kwa wakati, wala sababu ya kumfuata mnunuzi mtaani.

## Viwanda na vitongoji

Shughuli kuu za kundi la Bakhresa zimekuwa katika ukanda wa viwanda wa Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, inayounganisha bandari, reli na uwanja wa ndege. Mahali hapo panafaa kwa kuwa ngano hufika bandarini kwa meli na unga hutoka kwenda mjini na mikoani kwa malori.

Upande wa kusini, mbele ya Mbagala kwenye Barabara ya Kilwa, kundi hilo lilijenga kiwanda cha kusindika matunda Mwandege, wilayani Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kilizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Oktoba 2016. Kiwanda hutumia matunda kama maembe, machungwa na mananasi yanayolimwa nchini. Kwa wakulima wa matunda tatizo la miaka yote limekuwa msimu: maembe huiva kwa pamoja, bei huporomoka, na mengi huoza chini ya miti. Kiwanda kinachoweza kuyageuza kuwa rojo linalohifadhika huongeza muda wa kuuza. Hata hivyo, mkulima mdogo anayetegemea mnunuzi mmoja mkubwa huwa na nguvu ndogo ya kupanga bei, na jambo hilo limebaki sehemu ya mjadala kuhusu viwanda vya matunda nchini.

## Michezo na utangazaji

Klabu ya Azam FC ilianzishwa mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kundi la Bakhresa. Ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2008. Uwanja wake, Azam Complex, uko Chamazi katika Wilaya ya Temeke na una nafasi ya watazamaji takriban 10,000. Ni miongoni mwa viwanja vichache nchini vinavyomilikiwa na klabu yenyewe.

Katika msimu wa 2013–14 Azam FC ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000 kwa ubingwa kwenda nje ya Simba na Yanga. Klabu ilitwaa pia Kombe la Kagame mwaka 2015 na 2018, na Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2019. Mshambuliaji John Bocco ni miongoni mwa wachezaji walioitumikia kwa muda mrefu.

Kituo cha Azam TV kilianza kurusha matangazo mwaka 2013. Kilijipatia watazamaji kwa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania na kwa tamthilia za kigeni, hasa za Kituruki, zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya haki za kuonyesha Ligi Kuu.

## Usafiri, sukari na nchi jirani

Kupitia Azam Marine, kundi hilo huendesha boti za kasi zinazojulikana kwa jina la Kilimanjaro kati ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba, pamoja na meli ya kubeba magari na mizigo. Zanzibar linamiliki hoteli ya Verde iliyopo Mtoni.

Mwaka 2016 Tanzania ilikumbwa na uhaba wa sukari baada ya serikali kuzuia uingizaji holela wa bidhaa hiyo. Katika uzinduzi wa kiwanda cha Mwandege mwaka huohuo, Rais Magufuli alimhimiza Bakhresa kuwekeza katika kilimo cha miwa. Baadaye kampuni ya Bagamoyo Sugar ilianzishwa katika eneo lililokuwa ranchi ya Razaba wilayani Bagamoyo, lenye takriban hekta 10,000. Kiwanda chake kilianza uzalishaji mwaka 2022.

Nje ya Tanzania, kundi limekuwa na shughuli za usagaji na biashara ya vyakula katika nchi kadhaa, zikiwemo Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Nchini Zimbabwe liliwekeza katika kampuni ya unga ya Blue Ribbon Foods iliyokuwa katika matatizo ya kifedha.

## Hoja na ukosoaji

Utegemezi wa ngano ya nje. Tanzania hulima ngano katika maeneo kama Hanang, Arusha, Kilimanjaro Magharibi, Njombe na Mbeya, lakini mavuno ni madogo mno kulingana na mahitaji. Vinu vikubwa hutegemea ngano ya meli. Vita vilipoanza kati ya Urusi na Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda. Madhara yake yalionekana hadi kwenye meza ya mama lishe: chapati ilipunguzwa ukubwa au kuongezwa bei. Wakosoaji husema kwamba mafanikio ya usagaji hayakuambatana na ukuaji wa kilimo cha ngano. Wengine hujibu kwamba kilimo hicho kinahitaji mbegu, umwagiliaji na sera za serikali, mambo yaliyo nje ya uwezo wa msagaji.

Ukubwa wa kundi. Kampuni inayosaga unga, kutengeneza vinywaji, kusafirisha abiria na kutangaza habari huwa na ushawishi mkubwa. Katika mpira wa miguu, suala la kundi moja kumiliki klabu na pia haki za kuonyesha ligi limejadiliwa na wapenzi wa michezo. Katika soko la unga na vinywaji, hata hivyo, wapo washindani wengi, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kisheria la kuzuia matumizi mabaya ya nguvu ya soko.

Sakata la makontena. Mwishoni mwa mwaka 2015 serikali ilichunguza makontena yaliyotoka bila kulipiwa ushuru katika Bandari ya Dar es Salaam. Bandari kavu ya kundi la Bakhresa ilitajwa hadharani katika uchunguzi huo, na maofisa kadhaa wa forodha walifikishwa mahakamani. Bakhresa mwenyewe hakushtakiwa.

## Nafasi yake katika historia ya biashara

Bakhresa anafahamika kwa kutopenda kujitokeza katika vyombo vya habari, na kwa hiyo maisha yake binafsi hayajulikani sana. Watoto wake wameshika nafasi za uongozi katika kundi hilo.

Habari ya mvulana aliyeacha shule na kuwa tajiri husimuliwa mara nyingi kama mfano wa juhudi binafsi. Juhudi hizo zilikuwepo, lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Waliouza urojo na kufungua migahawa katika miaka ya 1960 na 1970 walikuwa wengi. Mambo mengine matatu yalihitajika. La kwanza ni wakati: kudhoofika kwa mashirika ya umma na kufunguliwa kwa soko katika miaka ya 1980. La pili ni mji: ongezeko la haraka la watu wa vitongojini waliohitaji chakula cha haraka na cha bei nafuu. La tatu ni njia ya kuuza: kufungasha kwa vipimo ambavyo mwenye fedha kidogo anavimudu, na kumfuata mahali alipo.

Kwa wanafunzi wa biashara na historia ya uchumi, jambo hili la tatu ndilo lenye funzo kubwa zaidi. Vitu vilivyomo katika bakuli la urojo, yaani unga, embe na ukwaju, ndivyo vilivyokuja kuwa bidhaa za viwanda vya Azam. Mnunuzi naye hakubadilika sana. Ni mtu yuleyule anayehesabu fedha za siku moja, awe kijana wa Unguja mwaka 1963 au fundi wa Mbagala wa leo.